Maji ya Gari Moshi

Paukwa!

Pakawa!

Wewe uliyejikunyata kule nyuma, sikukusikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Mgungani palikuwa nyika tupu, nyasi na upepo. Siku moja reli ikapita. Gari moshi likaja, chuku-chuku-chuku, puuu! Lina kiu, hilo! Likasimama kunywa maji ya chemchemi.

Chemchemi yote ikaelekezwa kwenye tangi kubwa kando ya reli, Kobe akawa mlinzi wake. Akaweka sharti: maji haya ni ya gari moshi, asiguse mtu. Wanyama wakakubali, wao wakanywa ya dimbwini, maana gari likinywa, abiria hushuka kununua. Kanga akauza mahindi ya kuchemsha. Ngiri akafungua hoteli. Fisi akawa kinyozi, na walionyolewa walishika masikio yao wenyewe. Mji ukachangamka, kelele mpaka raha. Kobe akaupenda kama mwanawe.

Kumbe dunia haikai mahali pamoja. Likaja gari jipya, kinywaji chake mafuta. Vuuu! Likapita. Hata honi halikupiga.

Ngiri akafunga hoteli. Fisi akaviringisha wembe wake kitambaani. Wakahama, mmoja leo, mwingine kesho. Kobe akabaki na tangi lake. Kila asubuhi analifuta vumbi, anangoja.

Kanga akaja na vifaranga wake. "Babu Kobe, dimbwi limekauka. Mboga zangu zinakufa. Nipe maji, la sivyo nami nahama."

"Ya gari moshi hayo, mjukuu wangu. Likirudi na kiu je?"

"Babu! Hilo limeshatusahau. Wenye kiu ni sisi."

Mara, vuuu! Gari hilo. Kobe akainua bendera yake ya kulisimamisha. Hakuna aliyetazama. Machozi yakamtoka, mzee wa watu. Akatazama reli, akatazama vifaranga. Kisha akashika koki yenye kutu, kri, kri, kri. Chwaaa! Maji hayo!

Mboga zikainuka. Kanga hakuhama. Ngiri akasikia, akarudi na jembe. Mji haukuwa mkubwa tena, lakini jioni moshi wa majiko ulionekana. Na Kobe? Gari likipita, bado alipunga bendera kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika ndoo.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa pia: aliyekwenda mtakieni heri, lakini maji mpeni aliyebaki.

Hadithi yangu imefika kituo chake cha mwisho. Shukeni salama.