Ushanga Uliomdanganya Trauti

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi aende akalale sasa hivi, maana nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie, "Ah, mimi nilipitiwa." Mimi mwenyewe leo nimechoka, viungo vyote vinanilalamikia. Lakini hadithi hii ni ya watu waliochoka kuliko mimi, kwa hiyo nitajikaza.

Kulikuwa na watu watatu huko juu milimani Uporoto, mahali ambapo watu huvuna viazi wakiwa wamevaa makoti. Wote watatu walifanya kazi kwenye kambi ya wavuvi kando ya mto Lusita. Mto huo una samaki anayeitwa trauti, mwenye madoa ubavuni na macho makali, na wageni hutoka mbali kuja kumvua kwa ndoana.

Wa kwanza alikuwa Subilaga, mpishi, mjane wa miaka hamsini na sita. Kipaji chake kilikuwa macho. Mchele akiutupia jicho mara moja tu, chuya na kokoto zote ameshaziona. Lakini macho hayapandi mlima. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya genge la mlima, mwendo wa saa mbili kupanda na saa moja na nusu kushuka, kila siku ya Mungu, kwa miaka kumi na mmoja. Magoti yalikuwa yamevimba. Jioni akifika kwake hakuwa na nguvu hata ya kuvua viatu, na siku nyingine alilala navyo.

Wa pili alikuwa Gwantwa, fundi wa shanga. Kipaji chake kilikuwa vidole. Mnajua, trauti ni mlafi wa mayai ya samaki wenzake. Basi mvuvi huufunga ushanga mdogo juu kidogo ya ndoana, samaki adhani ni yai, na akiudaka tu, amekwisha. Mayai hayo ya bandia yalitoka mikononi mwa Gwantwa. Naye alikuwa analala jikoni kwa kaka yake, na wifi yake kila asubuhi alizizoa shanga zake na kuzimwaga nje pamoja na majivu.

Wa tatu alikuwa Asajile, mwongoza wageni. Kipaji chake kilikuwa mkono. Alirusha ndoana ikatua majini bila hata kuyashtua. Ila alikuwa analala kwenye turubai, na baba wa mchumba wake alishamwambia wazi, "Kijana, binti yangu halali chini ya plastiki. Pata bati kwanza, ndipo uje tuzungumze."

Sasa Jumapili moja, mwenye kambi, Mama Ndimbumi, akawaita wote. Naye alikuwa mzee, amechakaa, hana hamu tena ya mto wala ya wageni.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba. Wanangu, nimechoka. Jumamosi naenda kwa binti yangu na sirudi. Kazi ya kulinda mto na hii nyumba yangu nampa mmoja wenu. Ni chumba kimoja, na kibali kinaandikwa jina moja, kwa hiyo msiniletee habari za kugawana."

"Mmoja yupi, mama?" akauliza Asajile.

"Atakayenivulia trauti kwenye Shimo la Kioo, pale mto unapotulia na kuwa na kina, kabla sijaondoka. Masika, maji yakiwa tope, hata mbuzi anaweza kuvua. Mimi nataka mtu wa kiangazi."

Subilaga akaitazama ile nyumba. Ilikuwa hatua thelathini kutoka jiko la kambi alikopikia, tambarare tupu, hakuna hata jiwe la kukanyaga. Akasema moyoni, "Ee Kyala, Mungu wangu, ningeipata hii, ningelala mpaka kuche." Hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka asipande tena.

Kesho yake Asajile akaingia mtoni. Na hapa lazima niwaambie desturi ya watu wa Lusita, msije mkamwona mjinga. Kule, ushanga wa kwanza kukupatia samaki masika huuvui kwenye uzi mwaka mzima. Husema, "Ushanga uliokulisha hautupwi." Kuubadilisha ni utovu wa shukrani, na mtu asiye na shukrani mto humnyima. Ushanga wa Asajile ulikuwa mwekundu, mkubwa kama harage, nao ulimlisha vizuri maji yalipokuwa tope. Sasa maji yalikuwa meupe, unaona mpaka mchanga. Trauti waliutazama ukija, wakasogea kando, wakaupisha kama mtu anavyompisha mlevi njiani. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, Jumatano hivyohivyo. Asajile alitoka mtoni ana mafua.

Alhamisi mchana Subilaga alikuwa anaosha sufuria mtoni, chini kidogo ya Shimo la Kioo. Mgongo ukamkataa, akainama akaegemea mikono miwili ndani ya maji, akabaki hivyohivyo anangoja maumivu yapite. Mwingine angefumba macho. Yeye macho yake hayakujua kufumba. Akaona kati ya kokoto mayai ya trauti yaliyosombwa na maji kutoka juu. Hayakuwa mekundu. Yalikuwa madogo, kama punje za mtama, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na ndani kila moja lina doa dogo la rangi ya chungwa. Akayaangalia muda mrefu. Akasema kwa sauti, peke yake, "Kumbe tunawapelekea harage, wenzetu wanakula mtama."

Angeweza kunyamaza. Lakini angenyamaza na nini, naye hajui kutengeneza ushanga? Akaenda kwa Gwantwa.

"Gwantwa mwanangu, acha hizo nyekundu. Nitengenezee mdogo hivi, mweupemweupe, wenye jicho la chungwa ndani."

"Mama Subi, ushanga wa namna hiyo hakuna duniani."

"Mtoni upo. Njoo uone."

Gwantwa akaenda, akaona, akarudi, akakaa chini. Akachukua ushanga wa kioo, mdogo kuliko zote alizokuwa nazo. Akachomeka doa la rangi ya kucha ya chungwa ndani ya tundu kwa mwiba. Halafu akapaka rangi ya kucha nyeupe juu, nyembamba, akaukausha kwa pumzi, akapaka tena, mara tano. Mara tatu alikosea, akaufuta wote akaanza upya. Wifi yake alipita akasema, "Wenzio wanapika, wewe unapaka kucha za mawe." Gwantwa akapaka tena. Ulipokamilika, Subilaga aliutumbukiza majini kando ya yai la kweli, na yeye mwenyewe, na macho yake yale, ilibidi auguse ajue upi ni upi.

Ijumaa alasiri Gwantwa akaufunga mwenyewe, akarusha mwenyewe. Pwaa! Trauti mkubwa alikuwa ameshaanza kuja, nusu ya njia, akasikia ule mshindo, akapotea chini ya mwamba. Gwantwa akakaa ukingoni akalia kwa hasira. Akamwambia Subilaga, "Tukamwite Asajile. Hatuna la kufanya."

Asajile alipoona ule ushanga akarudi nyuma. "Mnataka niukate wangu? Huu umenilisha."

"Umekulisha lini mara ya mwisho?" akauliza Subilaga, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka tu.

Asajile akautazama wa kwake. Akatoa kisu, akaukata ule mwekundu, akaufukia mchangani taratibu. Akaufunga ule mweupe umbali wa vidole vinne juu ya ndoana, akaukaza kwa kijiti cha kuchokolea meno usiteleze. Akaingia majini kwa magoti, bila kuvuruga hata kokoto, baridi ile ya kukata mifupa. Akakaa saa nzima hajatikisika, mpaka samaki wakamzoea. Ndipo akarusha juu kabisa ya shimo, akauacha ushanga uje na maji, kwa mwendo wa maji, bila kuvutwa. Trauti akatoka chini ya mwamba. Akausogelea. Akafungua kinywa kama mtu anayepiga miayo, akaumeza. Dakika ishirini walivutana, halafu akawa mchangani, mzito, madoa yanang'aa.

Wakashangilia wote watatu, wakakumbatiana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaachiana, maana walikumbuka. Jamani, hawakuwa wamekubaliana! Kila mmoja alichoka kiasi kwamba hakuuliza, "Tukipata, nyumba ya nani?"

Wakampeleka samaki kwa Mama Ndimbumi. Akauliza, "Nani kavua?"

"Mimi," wakasema wote watatu.

"Mkono uliomtoa majini ni huu," akasema Asajile. "Mama alisema atakayevua. Hakusema atakayepaka rangi wala atakayeosha sufuria. Na ule ushanga ulionilisha nimeukata kwa mkono wangu. Mto ukininyima kesho, utaninyima mimi."

"Mkono huo ulikuwa nao Jumatatu, Jumanne na Jumatano," akasema Gwantwa. "Ulivua nini? Mafua! Samaki hakudanganywa na mkono wako. Alidanganywa na ushanga, na ushanga ni wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, kaka."

"Sawa," akasema Asajile, "lakini chawa akivunjwa anatupwa. Nyumba haitupwi, inabaki na mmoja."

"Na mimi?" akasema Subilaga. "Ninyi mngekuwa mnarusha maharage mekundu mpaka leo. Nani aliyeona? Na nilipoona, sikuwaficha."

Alitaka kuongeza habari ya genge na magoti. Maneno yalimfika kooni. Akaona haya, kwa sababu magoti hayavui samaki, akayameza. Na hapohapo akaona hasira kali, akaona hata samaki yule hampendi.

Mama Ndimbumi akawasikiliza, kichwa ameegemeza mlangoni. Mwishowe akanyoosha mkono kuwazuia.

"Basi, basi. Miaka arobaini naamua ugomvi wa watu kwenye mto huu. Leo sina tena. Subilaga, wewe ndiye mkubwa wao." Akautoa ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha Subilaga. "Mpe anayestahili. Utakachoamua nimekubali, sitauliza." Akaingia ndani kufunga mizigo yake.

Subilaga akabaki amesimama. Ufunguo ulikuwa bado na joto la shingo ya yule mama. Mlango ulikuwa mbele yake, na ndani aliona kitanda kimetandikwa. Nyuma yake njia ya genge, yote, mpaka juu, na jua limeshaanza kwenda. Goti la kulia lilikuwa linapwita.

"Mama Subi," akasema Gwantwa polepole, "wewe una kwako, japo ni mbali. Mimi sina."

"Mama," akasema Asajile, ameinamisha kichwa, maji bado yanamchuruzika miguuni, "sitakulaumu. Ila nilikuwa nimeshamwambia mchumba wangu."

Subilaga akawatazama, na kwa macho yake yale aliona kila kitu: majivu kwenye nywele za Gwantwa, midomo ya Asajile iliyogeuka bluu kwa baridi. Akatamani kwa mara ya kwanza maishani awe kipofu. Akafungua kinywa aseme.

Na hapo ndipo ninapoachia. Msininung'unikie, sina cha kuongeza. Bila jicho wasingejua, bila vidole wasingekuwa na kitu cha kurusha, bila mkono samaki angekuwa majini mpaka sasa. Akijipa yeye, watasema mwamuzi kajihukumia. Akimpa mwenzake, atageuka aanze kupanda, na kesho ashuke, na kesho kutwa apande tena, na hakuna atakayemwambia hata pole.

Haya, wewe uliyekaa hapo, na wewe uliyejifanya umelala. Ungekuwa Subilaga, umechoka vile, ufunguo uko mkononi na watoto wa watu wanakutazama, ungempa nani? Na kabla hujanijibu, jiulize kwanza: unampa kwa kazi aliyoifanya, au kwa sababu umemwonea huruma?