Umaima binti Asbagh Katika Ukungu wa Kaskazini

Wamepokea wazee wetu, kutoka kwa waliowatangulia katika kheri, kwamba katika zama ambazo watu wa kaskazini walikuwa wakishuka na vyombo vyao virefu kuvamia pwani za Andalusi, walitekwa ndugu wawili, Wahb na dada yake Umaima, watoto wa Asbagh. Baba yao, Mola amrehemu, alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa pwani, naye alikuwa akipima kivuli cha kijiti uani ili watu waswali kwa wakati. Umaima alijifunza kwake elimu hiyo, wala hakurithi kingine.

Wakatiwa utumwani katika visiwa vya baridi miaka mitatu, hata wakaijua lugha ya mabwana zao. Mwaka wa nne bwana wao, Halvadi, aliazimia kuhamia nchi ya magharibi iliyosifiwa kwa malisho. Akapakia chomboni jamaa zake, watu thelathini, pamoja na kondoo na watumwa wake hao wawili.

Rubani alikuwa mzee aitwaye Grimkeli. Watu wale hawakuwa na dira. Waliijua njia kwa alama alizoziweka Mwenyezi Mungu: kimo cha jua la adhuhuri, rangi ya maji, mahali nyangumi wanapolisha, wingu linalosimama juu ya kisiwa ambacho chenyewe bado hakijaonekana. Tena Grimkeli alikuwa na kunguru tunduni. Kunguru akiachiliwa asirudi, huko alikoelekea ndiko kwenye nchi kavu.

Siku ya tano ukungu ukawafunika. Nuru ilikuwapo, maana majira yale kule jua halizami ila kidogo, lakini ilikuwa nuru isiyo na upande. Watu walimwuliza Grimkeli, naye akawajibu kwamba amekwisha kuwaona nyangumi, na kwamba nchi i mbele yao. Wakatulia. Ikapita siku ya saba, ya tisa, ya kumi na moja. Kondoo wakachinjwa kwa kukosa maji, na maji ya watu yakapimwa kwa kata moja ndogo. Watumwa walipewa nusu ya kata.

Wahb alikuwa na homa. Alilala ubavuni mwa chombo chini ya ngozi iliyoloa, midomo imepasuka, na Umaima alikuwa akimpa fungu lake mwenyewe kisha akirejea kwenye kazi yake, nayo ilikuwa kufua kwa ndoo maji yaliyovujia chomboni. Wakati wa swala ulipoingia, kwa kadiri alivyoweza kukadiria, alisimama akaswali. Halvadi akaliona hilo. Siku ya kumi na mbili alimwita mbele ya watu wote, akamwambia kwamba kila siku humwona akigeukia upande mmoja bila kusita, na kwamba yumkini mtu wa namna hiyo anajua kusini ni wapi, maana kule kaskazini kibla huwa upande wa kusini mashariki. Akateka maji kata iliyojaa, akaishika mkononi.

"Nionyeshe upande huo," alisema, "na hii ni ya ndugu yako. Na kila siku atapata kama hii."

Umaima aliyatazama maji yale. Nafsi yake ilimwambia kwamba kunyoosha mkono tu si neno kubwa, na kwamba huenda akabahatisha. Wahb alikuwa amesikia. Akajiinua kwa kiwiko, akamwambia kwa lugha ya kwao:

"Dada, sema popote. Nakuomba kwa haki ya mama yetu."

Umaima akamjibu Halvadi:

"Lilipokuwapo jua niliutazama upande kwa jua. Tangu ukungu uingie, bwana, ninakisia, na Mola wangu anajua kwamba ninakisia. Yeye hunipokelea. Lakini nyinyi mtageuza chombo kwa kisio langu, nami sitabeba roho za watu hawa kwa jambo nisilolijua."

Halvadi akayarudisha maji pipani. Umaima akamwendea ndugu yake kumweleza, lakini Wahb aligeuza uso wake kwenye mbao.

Basi Grimkeli, aliyekuwa kwenye usukani, aliyashuhudia hayo yote. Akauacha usukani, akaja katikati ya chombo, na mbele ya watu akakiri kwamba hakumwona nyangumi hata mmoja. Upepo ulikuwa umemgeukia ndani ya ukungu, hakujua uligeuka siku gani, na kwa kuwa hajawahi kupotea katika umri wake aliona haya kusema. Hata kunguru hakumwachilia, kwa kuchelea asije akarudi akamuumbua.

"Mtumwa huyu amesema 'sijui' kwa gharama ya ndugu yake," alisema, "nami sikuweza kulisema kwa gharama ya sifa yangu."

Wengine walitaka kumtupa baharini. Halvadi akawazuia, kwa kuwa hakuwa na rubani mwingine. Kunguru akaachiliwa. Akapanda, akazunguka, akarudi kutua juu ya mlingoti. Hapo wanawake walijifunika nyuso zao, na mwanamume mmoja akaanza kuwaaga wanawe.

Grimkeli hakurudi kwenye usukani. Alilala kifudifudi juu ya mbao za chini ili ahisi mwendo wa bahari, maana upepo hugeuka kwa saa moja, lakini mawimbi mapana yatokayo mbali hushika njia yao siku nyingi. Kisha akamwuliza Umaima, aliyekaa chini kule safari nzima, mawimbi yale makubwa yalikuwa yakikipiga chombo upande gani kabla ya ukungu. Umaima akasema yalikuwa yakipiga kushoto, naye alizoea kujiegemeza kulia ndoo isimwagike. Siku ya sita au ya saba, hana hakika ni ipi, yaliacha, yakawa yanasukuma kutoka nyuma.

Mzee akafahamu. Chombo kilikuwa kimeufuata upepo kwenda kaskazini, huku wao wakidhani wanakwenda magharibi. Wakakigeuza mpaka mawimbi yakarudi kushoto.

Kesho yake asubuhi Wahb alifariki. Tangu maji yale yarudishwe pipani hakuwa amesema neno na dada yake. Umaima akamwosha kwa maji ya chumvi, akamswalia peke yake akielekea upande aliouchagua moyo wake, na bahari ikampokea.

Kabla ya alasiri walipita ndege wenye samaki midomoni, wote wakielekea upande mmoja. Grimkeli alilia, maana ndege abebaye samaki bila kummeza anawapelekea makinda, na makinda hukaa kwenye mwamba. Walipowafuata, ukungu ukapasuka, na mlima ukaonekana.

Halvadi alimwacha Umaima huru siku walipotia nanga. Hapakuwa na chombo cha kumrudisha kwao, akaishi pwani ile hata akazeeka. Aliyetufikishia habari hii ni mfanyabiashara Mwislamu aliyefika kule na kumkuta angali anaswali. Alimpongeza kwa kuwa kweli yake iliokoa watu. Bibi yule akajibu:

"Iliokoa watu thelathini. Mimi nilikuwa na mmoja."

Ndugu zangu, tunapenda kusikia msema kweli akilipwa kabla jua halijazama. Umaima hakulipwa, wala hakuiacha kweli kwa sababu hiyo. Ujira wake uko kwa Asiyesahau, nasi tumwombe atukutanishe naye na nduguye wakiwa wamekwisha kuridhiana.