Miguu ya Mlima Kirunda

Paukwa, wenzangu. Itikieni pakawa, na aliyekalia jiwe alipapase kwanza, maana jiwe nalo lina kwao.

Hapo zamani za kale, chini ya mlima Kirunda, Sihaba aligombana na mumewe Kitwana kwa ajili ya shilingi mia tisa.

"Mia tisa kwa mawe matatu," alisema Kitwana. "Tangu nikuoe hujapata kuziona."

"Sijaziona na sizitaki. Hayo si mawe ya kuuza, bwana. Hayo ni miguu."

Wachonga mawe wa Kirunda, watu wa nyumba moja, walikata mlima kuanzia juu, wakishuka kidogo kidogo kama watu wa ngazini. Na kila mchongaji, siku anayoingia machimboni, alichagua jiwe moja nene chini ya ukuta, akaliacha. Halikatwi maisha. Hilo ndilo mguu wake. Babu yake Sihaba, aliyechonga mawe ya kusagia, aliacha mguu. Baba yake, aliyechonga misingi ya nyumba, aliacha mguu. Kitwana naye aliacha wake siku ya harusi, mbele ya wakwe. Mlima ukasimama juu ya hiyo mitatu.

Sasa Fumbwe, tajiri wa mjini, alikuwa anajenga jumba. Alitaka mlango usio na mfano: miimo miwili na kizingiti cha juu, kila kimoja jiwe zima. Mawe mazima ya kimo hicho yalibaki chini ya ukuta tu.

"Hata mguu wangu mwenyewe nakatazwa?" aliuliza Kitwana.

"Uliuacha mbele ya baba yangu."

"Baba yako amekufa."

"Mlima haujafa."

Kitwana akapokea fedha, akaitupa kitandani, akachukua nyundo na kabari, akaenda.

Akaukata mguu wa babu. Pimbi, aliyekaa kwenye nyufa za mlima, akatoa kichwa. "Jirani, kata juu, uache mguu."

"Juu ni mbali, mguu uko karibu. Wewe hapa unalipa kodi?"

Akaukata mguu wa baba mkwe. Pimbi akatoa kichwa. "Jirani, kata juu, uache mguu. Ukuta unatoa vumbi na upepo haupo."

"Juu ni mbali, mguu uko karibu. Unaogopa, hamia kwa shemeji zako."

Pimbi hakubishana. Akatoa watoto wake, akavuka nao bonde.

Kitwana akaukata mguu wake mwenyewe. Maksai wa Fumbwe wakauvuta hadi barabarani. Kazi ikawa imekwisha, ila nyundo ilisahaulika ndani ya pengo, chini ya ukuta. Kitwana akarudi kuichukua.

"Jirani," aliita pimbi kutoka ng'ambo, "acha nyundo."

"Nyundo iko karibu," alisema Kitwana.

Mlima ukaketi.

Sihaba alikuja na mtaimbo. Chini ya kifusi alisikia nyundo ikigonga, ngo, ngo, ngo. Akachimba. Shimo lilipomfika kiunoni, ukuta ulishuka ukaziba. Akaegemeza magogo, yakavunjika kama mabua.

"Mlima hauna miguu, jirani," alisema pimbi. "Utasimama na nini?"

Sihaba akachukua zile mia tisa, akaenda kwa Fumbwe. "Fedha yako hii, haijapungua hata senti. Nipe miguu ya mlima."

"Mama, biashara imekwisha," alisema Fumbwe. "Na mlango umesimama."

Siku ya pili nyundo iligonga mara mojamoja. Sihaba akachimba, ukuta ukaziba. Akaenda tena. "Fedha yako hii. Nipe miguu ya mlima."

"Mama, mlango umepigwa chokaa. Nikiutoa, jumba litaanguka. Hujui hilo?"

"Najua. Mtu wangu yuko chini ya la kwangu lililoanguka."

Fumbwe akafunga mlango.

Siku ya tatu Sihaba aliweka sikio juu ya kifusi tangu jua kuchomoza hadi kivuli chake kikaingia miguuni. Hakusikia kitu.

"Na wajukuu zenu, jirani," aliuliza pimbi baadaye, "watachonga nini?"

"Wataonyeshwa shimo," alisema Sihaba.

Akajifuta vumbi la uso, akaenda mjini, akasimama baina ya mwimo wa babu yake na mwimo wa baba yake, na juu ya kichwa chake ulilala mguu wa mumewe.

Fumbwe alitoka na kitambaa cha rambirambi. "Pole, mama. Nasikia kumenyamaza huko. Sasa mawe ya nini tena?"

"Ya kuzikia. Mtu hazikwi na nyundo mkononi."

"Nitakuongezea mia tatu."

Sihaba akazipanga zile mia tisa kwenye kizingiti cha chini, moja moja, hadi zikatimia.

Hadithi yangu naiachia hapo mlangoni, maana ndipo alipo mpaka leo, na anayepita mjini husikia analosema.

"Nipe miguu ya mlima."