Kikapu cha Tulipu na Jembe la Siku ya Tatu

Paukwa. Mmeitikia kivivu, wajukuu zangu, itikieni tena. Basi zamani hizo, kabla bibi ya bibi yangu hajaota meno, palikuwa na mji wa Kizingo, na katika Kizingo palikuwa na Mwanashee, mwenye bustani ya asumini aliyoachiwa na mama yake. Biharusi hakutolewa nje bila asumini za Mwanashee.

Siku moja akamjia mgeni aliyejiita Ferhadi, na kikapu kilichofunikwa hariri, na ua moja ndani ya chupa. Ua jekundu, wanangu, lenye michirizi myeupe, limesimama kama kikombe.

"Hili ni tulipu, la nchi za baridi," akasema. "La rangi moja ni la watu kama mimi. Lenye nyuzi pembezoni ni la mawaziri. Hili la michirizi ni la wafalme. Nipeni bustani, nami niwaachie kikapu kizima cha mbegu zake. Siku ya tatu nataka jibu."

Akafunua kikapu.

"Mbona ni vitunguu?" akauliza Mwanashee.

"Ndivyo zilivyo, mama. Wajinga huzitia mchuzini."

Na kweli, mbegu ya tulipu hufanana na kitunguu. Hapo hakusema uongo. Famau, mumewe Mwanashee, akameza mate. Lakini Mwanashee akainama akanusa. Ua halinuki kitu, mbegu zanuka marashi. Kwa nini? Akashuku.

Siku ya kwanza akamlisha mgeni wali, akamtazama. Siku ya pili akamlisha wali, akamtazama. Akaomba akate mbegu moja aone ndani. Mgeni akakataa: "Ukiikata inakufa." Akazidi kushuku.

"Mke wangu, wewe hata kivuli chako hukiamini," akasema Famau. Neno hilo lilimuuma Mwanashee, maana alimpenda mumewe. Lakini bustani ikienda, hairudi.

Siku ya tatu akatoa jembe. Mwajua wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Ni desturi yetu, baba. Nipandie moja, nione mnavyopanda kwenu."

Ferhadi akachimba, akaipanda mbegu ncha chini, mizizi juu. Mwanashee anatazama tu. Mgeni akaona anatazamwa, akababaika, akafukua upesi, na jembe likaipasua mbegu katikati.

Harufu ikapanda. Machozi yakamtoka Mwanashee. Yakamtoka Famau. Ferhadi mwenyewe akalia, kamasi zikimchuruzika.

"Mume wangu," akasema Mwanashee, "walia nini?"

Famau akaokota kipande, akakinusa. "Kitunguu, mke wangu."

"Basi lete ungo. Leo tunakula mchuzi wa wafalme."

Mgeni akaondoka bila kikapu. Ua lilikuwa tulipu kweli, na alikolitoa hakuna ajuaye. Jioni hiyo likapukutika. Na mchuzi, nasikia, ulinuka marashi.

Kwa hiyo, wanangu, anayewasifia mbegu mpeni jembe kwanza, mtazame mikono yake. Hadithi yangu naikunja kama mkeka: ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mimi bibi yenu.