Minza na Zimwi Lililolamba Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi hii hunipandisha hasira kila ninapoisimulia, basi nikipaza sauti msiogope.

Hapo kale, katika nyika tambarare ya Mtemi Lugwisha, paliishi mwanamke aitwaye Minza. Alizaa mtoto mmoja tu, Kabula. Homa ikamchukua. Minza akamzika pembeni mwa shamba lake la mtama, apate kumsalimu kila akienda kulima.

Siku moja Mtemi aliketi barazani, akakunja uso.

"Siwaoni ng'ombe wangu! Kateni minyaa! Kateni migunga! Chomeni mabua yote mashambani! Nataka nchi iwe wazi, nihesabu ng'ombe wangu nikiwa nimekaa."

Basi watu wakakata ua wa minyaa uliozunguka mashamba. Wakakata migunga. Wakachoma mabua. Minza naye akachoma yake, maana kuchoma ni kazi nyepesi kuliko kulima katikati ya mabua.

Nchi ikabaki uchi.

Sasa, huko mashariki, kwenye majabali, liliishi zimwi lenye ulimi mrefu kama njia ya kwenda mtoni. Chakula chake kilikuwa udongo. Kiangazi kilipokolea sawasawa, likashuka likivuma.

"Shamba la nani halina nguo?"

Watu wakajifungia ndani. Zimwi likalamba, fyuuu! Likabeba vumbi laini lote, lile lenye rutuba.

Siku ya pili likaja. "Shamba la nani halina nguo?" Fyuuu! Likabeba hata mbegu zilizokuwa zikingoja mvua.

Siku ya tatu likaja. "Shamba la nani halina nguo?" Fyuuu!

Lilipoondoka, Minza akatoka kwenda shambani. Akaona ncha ya mkeka imechomoza ardhini. Akaufahamu mkeka ule. Aliusuka mwenyewe, akamfunikia Kabula.

Minza hakulia. Aliurudishia mkeka udongo kwa mikono yake, akapanga mawe juu, akachukua jembe akaenda majabalini.

Akalikuta zimwi limelala, tumbo limevimba kama kichuguu.

"Amka, mlafi wee! Toa udongo wangu!"

"Udongo ukiingia humu hautoki," zimwi likajibu.

"Umemfukua mwanangu!"

Zimwi likafumbua jicho moja. "Mwanamke, usinipigie kelele. Tangu enzi za bibi zako napita kwenu. Minyaa hunichoma, mabua hunikwaruza ulimi, naondoka na njaa yangu. Mwaka huu nimekuta mlango wazi. Nani alikata ua? Nani alichoma mabua?"

Minza akafungua kinywa amtaje Mtemi. Kisha akakumbuka moto wake mwenyewe.

"Ua alikata Mtemi," akasema. "Mabua ya shamba langu nilichoma mimi."

Akaliangushia zimwi jembe tumboni, paa! Zimwi likacheka, likageuka upande wa pili, likalala.

Minza akarudi na hasira mara mbili ya ile aliyoondoka nayo. Akaenda moja kwa moja barazani.

"Mtemi! Ulikata ua upate kuona ng'ombe. Haya, unawaona?"

Mtemi akatazama. Hakuona ila vumbi.

"Mama Kabula, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Mbele ya wazee, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Mimi ndimi Mtemi!"

"Na mimi ndimi niliyemzika mwanangu mara mbili! Sipunguzi!"

Wanawake wakatoka majumbani na majembe yao. Hakuna aliyewaita. Mtemi akawatazama, akashuka barazani, akashika jembe.

Basi wakachomeka matawi ya minyaa, mstari baada ya mstari, kuukinga upepo. Wakapanda miche ya migunga. Wakalima matuta ya kukata njia ya zimwi. Walipovuna kile kidogo kilichoota, mabua wakayaacha yamesimama, na palipokuwa patupu wakatandaza nyasi na samadi.

Kiangazi kikarudi, na zimwi likarudi.

"Shamba la nani halina nguo?"

"Hakuna!" Minza akalipigia kelele akiwa amesimama katikati ya mabua.

Zimwi likatoa ulimi. Mabua yakaukwaruza. Likajikwaa kwenye tuta la kwanza, likajikwaa la pili, likajikwaa la tatu. Likapata vumbi la kujaza kiganja tu. Likaondoka likitukana, kutafuta nchi nyingine iliyo uchi.

Lakini msipige makofi, wajukuu zangu. Udongo uliokwisha kulambwa haukurudi. Miaka mingi mtama wa pale uliishia magotini.

Mtemi akampelekea Minza ndama mnono, amwombe radhi. Minza akamrudisha ndama na mjumbe aliyemleta.

"Mwambie Mtemi ndama simtaki. Upande wa kaskazini bado kuna pengo kwenye ua. Aje na jembe."

Mtemi akaja na jembe.

Hapo ndipo hadithi yangu imeishia. Usiivue ardhi nguo: upepo haubishi hodi, na ulichobeba haurudishi.