Jina Moja la Mjukuu wa Bi Somoe

Nikisema "Abiria!" mniitikie "Tupo!"

Abiria! ... Mbona sauti za wagonjwa? Abiria! ... Haya, sasa angalau mna uhai. Wewe hapo, weka simu chini. Kesi ninayowaletea leo imenishinda mimi mwenyewe, na mimi sishindwi ovyo.

Palikuwa na uwanja wa ndege mkubwa wenye majengo mawili ya abiria, moja la ndege ndogo, la pili la ndege kubwa. Humo walifanya kazi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Sikudhani, mfanya usafi. Kipaji chake kilikuwa macho. Ukimpita na ndoo yake, kabla hujaufikia mlango ameshajua kama umelia, kama unatafuta choo, au kama umepoteza mtoto.

Lutengano alisukuma viti vya magurudumu. Kipaji chake kilikuwa njia. Milango yote ya uwanja ule aliijua, hata ile ambayo wakubwa wenyewe walishasahau kwamba ipo.

Aikande alikaa kwenye lango la mwisho, pale abiria anapokaguliwa tiketi akapande ndege. Kipaji chake kilikuwa maneno. Sikusema kelele, nimesema maneno. Kuna watu hapa hawajui tofauti, na siwatazami.

Basi siku hiyo mchana akashuka Bi Somoe kutoka Mafia, mama wa miaka hamsini na miwili, ushungi kichwani, pochi kwapani. Alikuwa aunganishe ndege kwenda Bukoba, na hakuwa anaenda kutembea. Binti yake wa pekee, Rukaya, alikuwa amelazwa huko. Mimba mbili zilishamharibikia. Hii ya tatu ilifika miezi tisa kwa dua, na daktari kasema lazima apasuliwe jioni ile ile. Damu yake ni ya kundi adimu, hospitali haikuwa nayo hata chupa moja, na katika ukoo mzima aliyekuwa nayo ni mama yake tu. Ndege ya Bukoba ni moja kwa siku. Bi Somoe akiikosa, Rukaya anapasuliwa bila damu ya akiba, na sote tunajua maana yake.

Sasa Bi Somoe, mwenye haraka hiyo, akafanya nini? Akakaa! Kwenye kiti, katika jengo la ndege ndogo, akatulia tuli.

Msimcheke. Uwanja wa kwao ni mdogo, watu wanajuana. Ndege ikiwa tayari, kijana wa tiketi anatoka na kuita mmoja mmoja: "Bi Somoe, twende. Mzee Kombo, malizia chai." Amesafiri hivyo miaka yote. Akajisemea, hapa ni pakubwa, bila shaka wanaye mwitaji mkubwa zaidi. Kumbe uwanja ule hauiti mtu. Maandishi yanapita kwenye skrini ukutani, asiyeyatazama shauri yake.

Sikudhani akapita na dekio lake mara ya kwanza, akamwona. Mara ya pili, bado yupo. Mara ya tatu akasimama. Anayesubiri mgeni hutazama mlango, anayesubiri ndege hutazama saa. Huyu alikuwa anatazama midomo ya watu.

"Shikamoo, mama. Unamsubiri nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nasubiri kuitwa."

"Na nani?"

"Si na watu wa ndege ya Bukoba? Nina mgonjwa huko, lakini naona wanakawia."

Sikudhani akaomba kile kikaratasi cha kupandia ndege, akakisoma, akatazama saa. Saa nane na dakika saba. Lango linafungwa saa nane na robo, tena liko jengo la pili!

"Mama wee! Hapa hakuna atakayekuita. Inuka!"

Dekio likaanguka kule, ndoo ikabaki katikati ya sakafu, kosa ambalo msimamizi wake humwandikia mtu barua ya onyo siku hiyo hiyo. Akamshika mkono wakatoka mbio. Njiani akaelezwa habari za Rukaya zote. Bi Somoe alipoelewa alichotaka kukikosa, machozi yakamtoka.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Sikudhani."

"Mjukuu wangu akizaliwa salama, wallahi nitampa jina lako."

Mlangoni wakamkuta Lutengano. Zamu yake ilikuwa imekwisha, alikuwa ndiyo kwanza anafungua chakula chake. Sikudhani akamweleza kwa pumzi moja. Basi la kuvusha abiria lilikuwa limeondoka sasa hivi, na jingine ni baada ya nusu saa. Kwa miguu ni robo saa nzima, na hapo foleni ya ukaguzi hujaihesabu. Lutengano akafunika chakula, akavuta kiti.

"Kaa, mama."

"Sikai! Miaka hamsini na miwili nisukumwe? Naenda kumwona mgonjwa, nianze na uchuro?"

"Mama yangu, hiki si cha ugonjwa. Anayekaa hapa ana mlango wake wa ukaguzi, hapangi foleni. Ukishuka Bukoba utakimbia utakavyo."

Bi Somoe akakaa, akajifunika ushungi uso mzima kwa aibu. Lutengano akaita kwenye redio ya mkononi, "Lango la nne, naleta abiria wa Bukoba, ana mgonjwa anayesubiri damu yake, msinifungie!" Kisha akaondoka naye kwa kasi. Hakupita wanapopita watu. Alipita nyuma ya jiko la abiria, akaingia kwenye lifti ya mizigo, na humo wapishi walikuwa wamejipanga na matoroli yao.

"Pisheni, kuna uzazi!"

Wakaruka pembeni wote, mmoja akamwombea dua mama aliyefunikwa uso ajifungue salama. Chini ya ushungi Bi Somoe akaangua kicheko, cha kwanza tangu atoke Mafia. Alipomaliza kucheka akauliza, "Unaitwa nani, mwanangu?" Na alipojibiwa, akala kiapo kile kile: akizaliwa salama, ni Lutengano.

Ndiyo, nimewasikia mnavyoguna. Ngojeni, hamjasikia bado.

Langoni Aikande aliisikia redio, lakini saa ilishafika nane na robo. Mkubwa wa zamu akamwambia Aikande kwenye simu, "Funga."

"Nitafunga, bosi. Ila begi la huyo abiria tumeshalipakia tangu ndege ya Mafia itue."

"Lishusheni. Begi haliruki bila mwenyewe."

"Sawa. Kulitafuta chini ya mizigo yote ile ni dakika ishirini. Kumsubiri mwenyewe ni dakika nane. Chagua wewe, mimi nitaandika utakachosema."

Sauti ikasema, "Nane. Ya tisa unaijibu wewe, kwa jina lako."

"Andika jina langu."

Dakika ya saba ikapita. Abiria ndani ya ndege walishaanza kunung'unika, na mkono wa Aikande ulikuwa juu ya kitasa. Ndipo kiti kikatokeza kwenye kona. Bi Somoe alishuka kabla hakijasimama, akamkumbatia yule binti asiyemjua. Nanyi mnajua alimuuliza nini, na mnajua alimwahidi nini.

Kufupisha maneno, akafika. Damu ikatolewa, ikapimwa, ikapelekwa. Wakati wa kupasuliwa Rukaya aliishiwa damu kweli, ile ya mama yake ikamrudisha. Kabla ya isha akalia mtoto wa kike, kilo tatu na ushee. Mama mzima, mtoto mzima. Alhamdulillahi! Jamani, hata mimi hapa nilipo nimeshusha pumzi.

Kesho yake Bi Somoe akapiga simu uwanjani. Wale watatu wakaisikiliza pamoja kwenye chumba cha chakula, wakarukaruka, Aikande akalia kabisa. Kisha Sikudhani akasema, "Basi wajina wangu kazaliwa!"

"Wajina wako nani?" akauliza Lutengano.

Hapo ndipo mambo yalipojulikana.

"Bila mimi angekuwa amekaa pale mpaka leo," akasema Sikudhani.

"Ungemfikisha kwa macho?" akajibu Lutengano. "Ungeishia kujua tu kwamba amechelewa."

"Na wewe ungefika ukakuta kitasa," akasema Aikande, "mkaipungia ndege mkono."

Walibishana huku wanacheka, lakini kila mmoja alilitaka jina lile, na mimi simlaumu hata mmoja. Tena msiniambie mtoto wa kike hawezi kuitwa Lutengano. Kwao Lutengano ni amani, na amani haina sharubu. Wala msiniletee ujanja wa majina matatu. Cheti kina nafasi ya jina la mtoto, la baba na la babu, na hao wawili wa mwisho wapo, hawatoki. Mdogo wake je? Hakuna mdogo wake. Daktari amesema kizazi hicho kimefanya kazi yake, kisisumbuliwe tena.

Leo ni siku ya saba. Mtoto ameshanyolewa, ubani unafuka, watu wamekaa. Rukaya, uso bado umempauka, anamwinulia mama yake kile kichanga.

"Mama, nimekuachia wewe. Mtaje."

Bi Somoe amempokea, amefungua mdomo, jina halitoki. Aliahidi mara tatu, na mara zote tatu alisema kweli.

Je, ungekuwa wewe umempakata mtoto huyo, ungetaja jina la nani?