Chokaa ya Bi Mize

Chokaa ni baridi mpaka imwagiwe maji. Mmeisikia leo, mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mize alikuwa mjane, mchoma chokaa. Alichoma matumbawe kwenye tanuri lake, akawauzia waashi. Jumbe Makame alikitamani kiwanja chake. Alimtukana sokoni, akamng'olea ua wa makuti, Bi Mize akanyamaza. Watu wakadhani hana hasira. Alikuwa nazo, alizimeza tu.

Asubuhi moja binti yake, Mwanamvua, alijifungua. Bi Mize alikuwa ameinjika maji ya kumkandia mzazi, Jumbe akaingia na watu wake. Wakamwaga maji, wakazima moto, wakabeba kuni zote.

"Kiwanja hiki changu," Jumbe alisema. "Atakayekupa hata kaa moja la moto, nitamhamisha mji."

Mwanamvua alikuwa akitetemeka kitandani. Bi Mize alikwenda kwa jirani; mlango ukafungwa. Wa pili, vilevile.

Akarudi, akaburuta karai, akalijaza chokaa ambayo haijazimwa, yaani haijaguswa na maji tangu itoke tanurini. Katikati akakalisha chungu cha maji, akakifunika, kisha akaimwagia chokaa ile maji kidogo kidogo. Ikalia, ikapasuka, ikafura, mvuke ukapita paa. Chunguni maji yakaanza kufuka.

Jumbe alikuja mbio, majirani nyuma yake.

"Nani kakupa moto?"

"Moto uko wapi? Utafute!"

"Basi ni uchawi!"

"Uchawi ni kumzimia mzazi moto!" Bi Mize alipaza sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Umenitukana, nimenyamaza. Umening'olea ua, nimenyamaza. Ukadhani nimepoa? Toka kwangu! Na nyinyi mliofunga milango, mmekuja kutazama nini?"

Jumbe akainua bakora. Bi Mize hakurudi nyuma hata hatua. Ndipo mzee Shehoza, jirani aliyekuwa wa kwanza kufunga mlango, akaidaka bakora hewani.

"Basi, Jumbe. Inatosha."

Wengine wakasogea, wakasimama naye. Jumbe akawatazama mmoja mmoja, akaondoka, na kiwanja kile hakukidai tena.

Bi Mize hakumshukuru mtu. Alichota maji, akaingia kumkanda mwanawe. Siku nyingi aliwapita majirani bila salamu, nao walijua sababu.

Kwa hiyo ukimwona mtu anamwonea mpole, mwambie mapema: chokaa ni baridi mpaka imwagiwe maji.